Uchakataji na Ufasiri wa Data Maabarani: Kazi Inayoanza Kabla ya Kipimo cha Kwanza

Utangulizi

Mada hii inatetea hoja moja: mwanafunzi afundishwe kuchakata na kufasiri data tangu siku anaposhika chombo cha kupimia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kazi hiyo ni sehemu ya jaribio lenyewe. Mara nyingi madarasani mwetu mpangilio huwa tofauti. Nadharia hutangulia, vitendo hufuata, na hesabu huachwa mwishoni kama kazi ya kujaza jedwali. Mwanafunzi huingia maabara akilijua tayari jibu linalotakiwa, na vipimo vyake vikikataa kulifikia jibu hilo, huvipika. Tunaikemea tabia hiyo kama udanganyifu, na ni udanganyifu kweli. Lakini kama hajafundishwa la kufanya na kipimo asichokitarajia, kukemea peke yake hakutamsaidia.

Kipimo na mpaka wake

Jambo la kwanza analopaswa kulielewa mwanafunzi ni kwamba hakuna kipimo kisicho na mpaka wa uhakika, na mpaka huo ndio unaoamua jaribio lipangwe vipi. Tuchukue pendulamu ya uzi wenye urefu wa nusu mita. Mbembeo mmoja wa kwenda na kurudi huchukua takriban sekunde 1.4. Mkono wa binadamu unapoanzisha na kusimamisha saa unaweza kukosea kwa kama sekunde 0.2. Anayepima mbembeo mmoja anabeba kosa la takriban asilimia 14, ilhali anayepima mibembeo 20 kwa pamoja, ambayo huchukua sekunde 28 hivi, anabeba kosa lilelile la mkono lakini sasa ni chini ya asilimia 1. Vivyo hivyo kwenye titresheni. Bureti ikisomwa kwa uhakika wa sentimita za ujazo 0.05, na ujazo uliotumika ukapatikana kwa kutoa usomaji mmoja kutoka mwingine, kosa linaweza kufika 0.1. Kwa ujazo wa 25 hiyo ni asilimia 0.4, kwa ujazo wa 5 ni asilimia 2. Kwa hiyo hesabu ya makosa ndiyo inayomwambia mwanafunzi apime mibembeo mingapi na achague mmumunyo wa ukolezi gani. Akiifanya baada ya vyombo kuoshwa, amechelewa. Na anayeandika wastani wa titresheni tatu kuwa 23.6666667 anadai uhakika ambao bureti yake haijawahi kuwa nao.

Grafu kama chombo cha kuchunguza

Wanafunzi wengi huchora grafu kwa sababu swali limewaagiza. Pendulamu hiyohiyo inaonyesha faida yake halisi. Tuseme mwanafunzi amepima urefu wa uzi hadi juu ya tufe badala ya kufika katikati yake, akapungukiwa na sentimita 1 katika kila kipimo. Akiandika urefu wa sentimita 20 ilhali urefu wa kweli ni 21, na akakokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia kwa kipimo hicho kimoja, atapata karibu 9.34 badala ya 9.81. Akirudia mara kumi na kutafuta wastani, atapata tena 9.34, kwa sababu wastani hupunguza makosa ya kubahatisha tu; kosa la kimfumo hubaki palepale. Lakini akipima kwa urefu mbalimbali na kuchora grafu ya kipeo cha pili cha muda dhidi ya urefu, mambo mawili yatajitokeza. Mteremko wa mstari utampa thamani sahihi ya mchapuko, kwa kuwa kosa lilelile limeingia katika kila urefu. Na mstari hautapita kwenye sifuri: utaukata mhimili wima juu kidogo, mahali panapoonyesha sentimita ile moja iliyosahauliwa. Grafu imelibaini kosa na imeliponya. Mwanafunzi aliyefundishwa kuulazimisha mstari upite kwenye sifuri, kwa sababu kitabu kinasema hivyo, ameuharibu ushahidi uliokuwa mezani pake.

Tofauti ndogo yenye maana

Historia ya sayansi ina mfano mkubwa wa mtu aliyekataa kuifukia tofauti ndogo. Katika miaka ya 1890, Lord Rayleigh wa Uingereza alikuwa akipima uzito wa naitrojeni. Ile iliyotolewa hewani ilikuwa na uzito wa karibu gramu 1.2572 kwa lita. Ile iliyotengenezwa kutoka misombo ya kikemia, karibu gramu 1.2505. Tofauti ni nusu ya asilimia. Kwa mizani ya kawaida tofauti hiyo ingemezwa na makosa ya kipimo, na mtu angekuwa na haki ya kuipuuza. Rayleigh hakuwa na haki hiyo, kwa kuwa alijua makosa ya vipimo vyake ni madogo kuliko pengo lile. Yeye na mkemia William Ramsay walilifuatilia, na mwaka 1894 wakatangaza kuwapo kwa gesi mpya hewani, arigoni, ambayo ni karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Hatuwezi kujua kama tofauti ina maana mpaka tujue kipimo chetu kinaaminika kwa kiasi gani, na hilo ni suala la uchakataji wa data.

Funzo la Mpemba

Hapa kwetu Tanzania tunao mfano wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa ulioingizwa kwenye jokofu ukiwa moto ukitangulia kuganda kabla ya ule wa baridi. Mwalimu hakumwamini. Baadaye mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alilirudia jaribio kwa maji, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja. Kwa kawaida tunaisimulia habari hii kama ushindi wa kijana dhidi ya walimu wake, na tunaishia hapo. Sehemu ya pili ina funzo kubwa vilevile. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walichapisha makala iliyoyapima upya madai hayo, wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita 1 tu juu au chini ndani ya chombo kunatosha kuleta matokeo yanayofanana na yale ya Mpemba. Mjadala huo haumpunguzii Mpemba heshima. Aliona, akauliza, akakubali jambo lijaribiwe. Lakini kuona ni hatua ya kwanza. Kabla ya kutangaza sababu, lazima tuulize kipimajoto kilikuwa wapi, chombo kilikuwa cha aina gani, na jaribio lilirudiwa mara ngapi. Mwanafunzi wa Kitanzania apewe hadithi yote, nusu zake mbili.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni uhaba wa muda na vifaa. Ni la kweli, lakini ufasiri wa data ndiyo sehemu ya sayansi inayohitaji vifaa vichache kuliko zote. Uzi, jiwe na saa ya simu vinatosha. Darasa likigawanywa vikundi kumi vinavyopima pendulamu moja, na majibu yote kumi yakaandikwa ubaoni, mtawanyiko wake utafundisha somo ambalo maabara ya gharama haiwezi kulifundisha vizuri zaidi.

Pingamizi la pili ni kwamba mtihani hutafuta jibu sahihi, na mwalimu hupimwa kwa ufaulu. Lakini maabara anazokwenda kufanyia kazi wanafunzi wetu hazina kitabu cha majibu. Katika maabara ya hospitali, mtaalamu hupima sampuli ya udhibiti na kuweka alama kwenye chati ya ubora, utaratibu ambao watafiti Levey na Jennings waliupeleka kwenye maabara za tiba mwaka 1950. Alama ikipotoka, kazi husimama hadi sababu ipatikane. Aliyezoea shuleni kurekebisha namba ili ipendeze anaweza kuirekebisha na hiyo, na atakayeumia ni mgonjwa.

Pingamizi la tatu ni kwamba kompyuta sasa hufanya hesabu zote. Hufanya, na kwa haraka. Lakini mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitoa seti nne za data zenye wastani uleule, mtawanyiko uleule na mstari uleule wa mwelekeo kwa kiwango cha karibu, ilhali zikichorwa moja ni mstari, nyingine ni mkunjo, na mbili zimepotoshwa na nukta moja tu. Programu itachora mstari kupita nukta zozote utakazoipa. Kuamua kama mstari huo unastahili kuchorwa kunabaki kuwa kazi ya binadamu aliyefundishwa.

Mapendekezo

Napendekeza mambo manne. Vipimo vyote viandikwe kwa kalamu ya wino, na kilichokosewa kikatwe kwa mstari mmoja ili kisomeke. Kila kipimo kiandikwe pamoja na kizio chake na mpaka wa uhakika wake. Grafu ichorwe wakati vyombo vingali mezani, ili nukta yenye shaka ipimwe tena. Na katika kusahihisha, mwanafunzi aliyepata 9.34 akaeleza kosa lake liko wapi apewe alama nyingi kuliko aliyeandika 9.81 bila vipimo vinavyoitetea. Hilo la mwisho halihitaji bajeti wala mtaala mpya. Liko kwenye kalamu nyekundu ya kila mwalimu aliyemo humu, na naomba tuanze nalo muhula ujao.