Maziwa ya Mama kwa Mtoto Aliyelazwa Hospitali



Afikaye Matombo huviona vilele viwili vilivyosimama pamoja, ndivyo vilivyoipa nchi ile jina lake, maana katika Kiluguru matombo ni maziwa ya mwanamke. Wazee hawakuona haya kuiita hivyo, na mapadre wa Roho Mtakatifu walipojenga misheni huko mwaka 1897 hawakulibadili jina. Basi nasi tusione haya leo kunena habari za maziwa mbele ya wanaume, kwa kuwa mara nyingi nauli iko mfukoni mwao.

Akina mama wa Uluguru hawahitaji kufundishwa na sisi kumnyonyesha mtoto mzima. Twataka kunena juu ya yule aliyezaliwa kabla ya siku zake, ambaye watu humwita njiti, akalazwa hospitali. Aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34 ya mimba mara nyingi hawezi bado kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa zamu. Akilazimishwa, maziwa huweza kuingia mapafuni. Kwa hiyo wauguzi humpitishia mpira mwembamba puani au kinywani mpaka tumboni. Akipata nguvu hunyweshwa kwa kikombe kidogo, kikigusishwa mdomoni, naye hulamba mwenyewe, asimiminiwe.

Lakini ni kitu gani kipitacho katika mpira ule? Ni maziwa ya mama yake, aliyoyakamua kwa mkono. Kwanza hutoka dang'a, ya manjano, mazito, tena kidogo sana. Wako wanaoyamwaga wakidhani ni machafu, kumbe ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Maziwa ya kopo hayana kinga hiyo, na kwa njiti huongeza hatari ya ugonjwa uozeshao utumbo. Uji mwepesi na maji ya sukari si chakula chake kabisa.

Tena titi lina desturi yake: lisipokamuliwa, hukauka. Mama ambaye mtoto wake hanyonyi hana budi kukamua mara nane au zaidi, mchana na usiku, akianza saa zile za kwanza baada ya kuzaa. Sasa mfikirini mama aliyeshuka mjini kutoka Mgeta au Kolero. Atalala wapi? Atakula nini? Tumewaona waliokaa wiki tatu kwa chai na andazi, na huku nyumbani mahindi yanangoja palizi na watoto wengine wanalia. Kisha huletwa habari kwamba arudi. Akirudi, maziwa hukatika. Mtoto yule hukosa mama yake kabla hajakosa dawa.

Na hasara hiyo si ya maziwa tu. Mwaka 1978, huko Bogotá katika nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey, akiwa na uhaba wa vifaa vya kuwapa watoto joto, alianza kuwaweka njiti kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi. Wengi walidhani ni tiba ya maskini. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, uliwatazama watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Katika kila 100 waliowekwa kifuani mapema, bila kungoja watulie, 12 walikufa ndani ya siku 28. Katika waliongojeshwa kwanza walikufa karibu 16. Tena mtoto aliye kifuani yu karibu na titi, hulinusa na kulitafuta.

Basi katika jubilei hii twaomba kila kigango kiwajue akina mama wake waliolazwa. Mizigo ya Mgeta ishukapo sokoni, kapu moja la mboga, maharage na ndizi lipelekwe kwao. Shamba la mama lipaliliwe na jirani zake. Nanyi wajomba, kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, basi neno lenu husikilizwa: mwambieni akae. Walimu wawaangalie wanafunzi ambao mama zao wako wodini, na kuwaeleza wasichana wakubwa habari za dang'a. Waendao na chakula wawaulize kwanza wauguzi saa za kuingia, maana si kila wodi hufungua mlango wakati wowote.