Lifungue Gunia Kabla ya Kulipa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Singida)



Kwa kuwa nimefanya kazi ya ufamasia miaka mingi, nimeombwa nieleze jinsi mtu anavyoweza kuzipima dawa za kupunguza unene kabla hajazinunua. Nilikubali upesi, maana nina deni kwenu.

Katika mkutano wetu uliopita, mwenzetu mmoja alikuja na makopo ya vidonge vya namna hiyo. Sitamtaja. Hakuwa tapeli, aliyasema yale yale aliyoambiwa na aliyemwuzia. Mimi nililishika kopo, nikaligeuza, nikaona halielezi lolote la maana. Lakini nilinyamaza. Niliona haya kumharibia mwenzangu biashara mbele ya watu. Mwenzetu mwingine, mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu, alinunua makopo 2. Aliambiwa aweke kando kwanza dawa zake za hospitali, ili zisigongane na vidonge. Wiki ya tatu alilazwa, shinikizo limepanda na moyo unamwenda mbio. Namshukuru Mungu alipona, na leo tumekaa naye hapa; ndiye aliyenipa ruhusa niyaseme haya. Siwezi kuapa kama yalimpata kwa kumeza vidonge au kwa kuacha dawa zake. Ila najua kwamba neno langu moja siku ile lingemzuia.

Basi leo nalisema.

Sisi watu wa Singida tunajua kununua alizeti. Hakuna anayelipia gunia lililoshonwa mdomo. Hulifungua, akatia mkono mpaka chini, akatazama mchanga, makapi na unyevu. Kopo la dawa nalo tulifungue hivyo hivyo, kwa maswali 5.

Swali la kwanza: je, ahadi yake inahesabika? Wadogo zetu, shikeni kalamu. Kilo 1 ya mafuta ya mwili hubeba nguvu ya kilokalori 7,700 hivi. Tangazo linasema utapungua kilo 10 kwa siku 7. Kilo 10 ni kilokalori 77,000; gawanya kwa 7, unapata 11,000 kwa siku. Mtu mzima wa kazi za kawaida hutumia kama 2,000 hadi 2,500 tu kwa siku. Kwa hiyo hata angefunga kula kabisa, hawezi kuyeyusha mafuta kwa kasi hiyo. Hesabu imekataa.

Swali la pili: kinachopungua ni nini? Gunia la alizeti lililonyeshewa, ukilianika siku 2, huwa jepesi kwenye mizani. Lakini mafuta yaliyomo ndani ya mbegu hayajapungua hata tone. Ndivyo zilivyo chai nyingi za kupunguza tumbo. Ndani yake mna sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imekwisha kunyonywa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili. Ukinywa maji, kilo zinarudi. Ukiendelea kuitumia kwa muda mrefu, madini ya potasiamu yanaweza kupungua mwilini, na moyo unayahitaji ili upige sawasawa.

Swali la tatu: kopo linasema nini? Litaje kila kilichomo na kipimo chake, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Maneno "mimea ya asili tu" hayatoshi. Kule Marekani, kati ya 2007 na 2016, mamlaka ya chakula na dawa ilibaini bidhaa 317 za kupunguza uzito zilizotiwa dawa za siri. Katika 269 kati ya hizo ilikutwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Hii ya mitishamba inafanya kazi ajabu, hata njaa husikii," usifurahi haraka. Jiulize imetiwa nini.

Hapo hapo uliza habari za usajili. Leseni ya biashara humruhusu mtu kufanya biashara. Haithibitishi kwamba dawa ni salama. Ipeleke namba iliyo kwenye kopo kwa mfamasia, au uulize Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Swali la nne: ushahidi uko wapi? Picha 2, moja ya kabla na nyingine ya baadaye, si ushahidi. Ushahidi ni watu wengi kugawanywa makundi mawili, moja lipewe dawa na jingine kidonge kitupu, kisha wote wapimwe. Tena soma karatasi iliyomo ndani ya kopo. Mara nyingi imeandikwa: acha soda, punguza ugali wa usiku, tembea nusu saa kila siku. Ndugu zangu, hayo ukiyafanya bila kopo utapungua, na fedha yako itabaki mfukoni.

Swali la tano: muuzaji anapata nini, nami nina ugonjwa gani? Siku hizi muuzaji si mgeni wa stendi. Ni shemeji, ni jirani, ni mwanafunzi mwenzako, naye hupata fungu lake kwa kila kopo. Kumpenda ni jambo moja, kumeza vidonge vyake ni jambo jingine. Mwenye shinikizo, kisukari, ugonjwa wa moyo au mimba asimeze kitu kabla ya kumwona daktari. Wala asiache dawa ya hospitali kwa neno la muuzaji yeyote. Dawa za kweli za kupunguza uzito zipo, zikiwamo sindano za miaka ya karibuni. Lakini nazo zina madhara yake, na anayestahili kuziandika ni daktari aliyekupima.

Wa rika langu mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza redio, kisha wakajadiliana ndipo wakatenda. Naomba turudie desturi hiyo. Kama yupo aliyekuja leo na kopo mfukoni, alilete hapa mezani baada ya chakula. Hatutamwaibisha. Tutalisoma pamoja, na safari hii sitanyamaza.