Tuulize Kabla ya Kujichoma: Neno juu ya Sindano Mpya za Kupunguza Uzito

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya afya ya hekalu, Tanga, katika sherehe za maadhimisho



Tunajua kwamba msemaji anayesimama kati ya watu na ladu hapendwi, kwa hiyo hatutarefusha maneno. Tumesimama kwa sababu kuna swali moja ambalo mwaka huu tumeulizwa kuliko mengine yote pale mezani petu pa kupimia sukari na shinikizo la damu. Sindano hizi mpya za kupunguza uzito, je, ni salama?

Wanaotuuliza ni wa namna mbili. Wa kwanza ana kisukari cha miaka mingi. Daktari amemshauri atumie dawa hiyo, naye anaikataa kwa hofu ya aliyoyasikia. Wa pili haumwi. Ana harusi ya mwanawe baada ya miezi mitatu, na ndugu aliyetoka safarini amekwisha kumletea sindano mkobani. Wa kwanza amejaa shaka, wa pili hana hata chembe. Sisi twaona kwamba shaka imekosea mlango.

Dawa zenyewe ni semaglutaidi, iuzwayo kwa majina ya Ozempic na Wegovy, na tirzepataidi, iuzwayo kwa jina la Mounjaro. Huiga homoni ambazo utumbo huzitoa baada ya kula: husaidia kongosho kutoa insulini sukari inapopanda, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huupelekea ubongo habari ya shibe. Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari, na Wegovy mwaka 2021 kwa ajili ya uzito.

Wenye shaka hawakuizua shaka yao. Dawa za kupunguza uzito zina historia chungu. Mwaka 1997 fenfluramini iliondolewa sokoni Marekani baada ya kuonekana kwamba huharibu vali za moyo. Mwaka 2008 rimonabanti ilisimamishwa Ulaya kwa sababu ya maradhi ya akili, na mwaka 2010 sibutramini ikaondolewa kwa sababu ya moyo na kiharusi. Huko Ufaransa dawa iliyoitwa Mediator, iliyoandikishwa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari, ilitumiwa na watu wengi waliotaka kupungua tu, hata ikaondolewa mwaka 2009, nayo pia kwa kuharibu vali za moyo. Anayekumbuka hayo akauliza mara mbili, tusimcheke.

Nazo hizi mpya zina madhara yake. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ni mambo ya kawaida. Mawe ya nyongo na uvimbe wa kongosho hutokea kwa wachache. Panya waliopewa dawa hizi walipata uvimbe katika tezi ya shingoni, na kwa sababu hiyo mtu ambaye katika ukoo wake kuna aina fulani ya saratani ya tezi hiyo hukatazwa kuzitumia. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kwamba semaglutaidi yaweza, kwa nadra sana, kudhuru neva ya jicho: hadi mtu 1 katika 10,000. Tena pamoja na mafuta hupungua misuli, na hilo kwa mzee si dogo. Na anayeacha dawa hurudiwa na uzito: katika utafiti mmoja, mwaka mmoja baada ya kuacha, watu walikuwa wamerudisha wastani wa theluthi mbili za uzito walioupoteza.

Lakini haki ina pande mbili. Mwaka 2023 matokeo ya utafiti juu ya watu zaidi ya 17,000 wenye maradhi ya moyo na uzito mkubwa yalionyesha kwamba semaglutaidi ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari walio pia na unene na maradhi ya moyo au ya figo.

Jambo hili latuhusu sisi kwa namna ya pekee. Watu wenye asili ya Bara Hindi hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu. Hapa nchini, Dkt. Kaushik Ramaiya na wenzake walizipima jumuiya kadhaa za Wahindu wa Dar es Salaam, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1991, yalionyesha kwamba kisukari kilitofautiana sana kutoka jumuiya moja hadi nyingine. Basi hata sisi kwa sisi hatufanani, na dawa iliyomfaa shemeji si lazima ikufae wewe.

Mwaka huu mama mmoja wa jumuiya yetu alichangia sindano na nduguye, akajichoma, kisha akafunga Ekadashi bila maji. Alitapika siku tatu. Alipofikishwa hospitalini, figo zake zilikuwa zimeanza kulegea kwa ukavu. Sasa hajambo, naye ameturuhusu tulisimulie hili ili lisimpate mwingine. Sindano ya namna hii haichangiwi kamwe, hata sindano yake ikibadilishwa ncha, kwa sababu damu yaweza kuingia ndani na kuhamisha maradhi.

Kwa hiyo tunaomba kila mmoja ajiulize maswali manne. La kwanza: ni daktari gani aliyenipima na kuiandika, na je, anajua dawa zangu nyingine, saumu zangu, na kama nakusudia kupata mimba? Semaglutaidi huachwa angalau miezi miwili kabla. La pili: imetoka wapi? Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani. Tununue kwenye famasi iliyosajiliwa, na tukiona mashaka tuwaarifu TMDA. La tatu: imehifadhiwaje? Kabla ya kuanza kutumiwa hukaa katika jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Iliyoshinda kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam mwezi wa Februari haina wa kuidhamini. La nne: nitaachaje, na nitakula nini siku hiyo?

Na lipo letu sote. Zamani katika pwani hii kumwambia mtu amenenepa kulikuwa kumsifu. Leo binti anaambiwa hivyo mbele ya watu usiku wa garba, naye hurudi nyumbani akitafuta njia ya mkato. Tuuchunge ulimi. Nalo jiko la hekalu limekubali kupunguza samli na sukari katika milo ya kila wiki. Ladu ya leo ni ya sikukuu.

Wewe uliyeandikiwa na daktari, usiikatae kwa uvumi. Rudi kwake na maswali haya. Nawe uliyeletewa mkobani, usijichome. Njoo nayo mezani petu Jumapili, tukupeleke kwa daktari. Kuuliza si ujinga.