Udongo Ulioshuka Rugezi



Wahitimu wa sayansi ya udongo, leo nawapeleka Rugezi, kaskazini mwa Rwanda. Ni kinamasi kilichobanwa na vilima, kwenye mwinuko wa mita 2,050 hivi. Chini ya nyasi zake kuna peti, yaani mabaki ya mimea yaliyolala majini karne nyingi bila kuoza, kwa kuwa hewa haiyafikii. Maji yake huingia Ziwa Burera, ambalo huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kinamasi kilikuwa kimechimbwa mifereji ili watu walime, na mvua zikasomba udongo wa miteremko. Ziwa likapungua, nchi ikapungukiwa na umeme. Serikali ikapiga marufuku kilimo humo, na mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Habari za mifereji husemwa sana. Mimi naumizwa zaidi na ule udongo. Peti iliyoloa ni maji karibu asilimia 90 ya uzito wake. Mchanga mwembamba na mfinyanzi vikiingia, matundu huziba, peti hushikana na kuwa nzito, na mvua hupita juu badala ya kuzama. Tindikali hupungua, virutubisho huongezeka, vijidudu vinavyoozesha hupata nguvu, na mimea iliyozoea ufukara wa kinamasi hupokonywa nafasi. Si kila tope ni baya, nasema kwa haki: kinamasi cha bondeni kimezoea kupokea kidogo kila masika, na mfinyanzi huweza kuyashika mabaki yasioze upesi. Kinachoua ni wingi wake, tena kwa muda mfupi. Peti huongezeka kama milimita moja tu kwa mwaka. Mvua ya usiku mmoja yaweza kuizika.

Mtatumwa kupima. Chukueni sampuli za kina mbalimbali, zikausheni, zichomeni kwa nyuzi 550, mpime majivu, maana peti huungua na udongo hubaki. Mkikuta tabaka la juu lina majivu mengi kuliko ya chini, msiishie kuandika ripoti. Pandeni mlimani. Tafuteni shamba lisilo na matuta, barabara isiyo na mtaro. Mpigieni hodi mwenye shamba kwa heshima, maana udongo uliozika kinamasi ndio uliokuwa ukilisha watoto wake. Mwombeni awaonyeshe maji yanapopita mvua ikinyesha, kisha shikeni majembe mchimbe naye matuta kabla ya masika.