Gundi ya Skatingi za Bafuni

Msikilizaji, fundi akija kukubandikia skatingi za vigae bafuni, tazama kwanza anachokoroga. Wengi hukoroga saruji na maji matupu. Kigae cha udongo kinachonyonya maji huweza kushika hivyo, lakini cha porseleni, hapana. Porseleni hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5, basi uji wa saruji haupati pa kupenya, na siku moja kipande hubanduka kizima, mgongo safi.

Nunua gundi ya vigae ya unga. Soma mfuko: C1 ni ya kawaida, C2 hushika zaidi, na herufi T ina maana kwamba kigae hakiporomoki ukutani. Mimi ningechukua C2T, hata fundi akinung'unikia bei. Ile ya ndoo, iliyokwisha korogwa, hukauka kwa kupoteza maji. Nyuma ya porseleni, maji hayo yatatokea wapi?

Kabla ya kubandika, rangi ya mafuta iliyoko ukutani ikwanguliwe hadi kwenye lipu. Gundi ienee mgongo mzima, si madonge ya pembeni. Nafasi kati ya skatingi na sakafu ijazwe silikoni ya bafuni, maana ukuta na sakafu kila kimoja hutanuka na kusinyaa kivyake.