MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: Fundisho Kutoka Kwenye Mashindano ya Gofu

(Hotuba iliyotolewa kwenye semina ya walimu na watumishi wa umma)



Nimeombwa nizungumze juu ya uendeshaji wa shughuli kubwa za umma. Ningeweza kuchagua mfano wa uchaguzi, wa sensa au wa mitihani ya taifa, kwani hayo ndiyo mnayoyafahamu. Badala yake nimechagua mashindano ya gofu ya wachezaji wa kulipwa. Najua wako watakaoguna. Gofu, watasema, ni mchezo wa wenye nacho; unatuhusu nini sisi? Nawaomba wavute subira, kwa sababu swali lao ni la haki na nitalijibu kabla ya kuketi.

Tutazame mfano wa jirani. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967 katika kiwanja cha Muthaiga, Nairobi. Katika miaka ya sabini na themanini yalikuwa kituo kimoja katika msafara wa mashindano ya Afrika, pamoja na yale ya Zambia, Nigeria na Ivory Coast. Kuanzia mwaka 1991 yalihesabiwa katika daraja la pili la mashindano ya Ulaya, na mwaka 2019 yakapandishwa daraja la kwanza. Mwaka 2025 yalichezwa tena Muthaiga, fungu la zawadi likiwa dola za Kimarekani milioni 2.5, na Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini akaibuka mshindi. Kutoka mwanzo mdogo hadi kufikia hapo imepita zaidi ya miaka hamsini. Heshima ya namna hiyo haiokotwi njiani. Hujengwa mwaka hadi mwaka.

Ndugu zangu, mashindano haya yana kanuni tatu ambazo kila ofisi na kila shule ingefaa izijue.

Kanuni ya kwanza ni kwamba shughuli lazima iwe na mwenyewe. Mashindano ya gofu makongwe kuliko yote duniani, ambayo Waingereza huyaita The Open, yalianza mwaka 1860 huko Prestwick, Uskoti, yakiwa na wachezaji wanane tu. Mshindi alipewa mkanda, na sharti lilikuwa kwamba atakayeshinda mara tatu mfululizo atauchukua uwe mali yake. Mwaka 1870 kijana Tom Morris alitimiza sharti hilo akaenda nao nyumbani. Je, mwaka 1871 kulitokea nini? Hapakuwa na mashindano! Wachezaji walikuwapo, viwanja vilikuwapo, nyasi zilikuwa zikiota kama kawaida. Kilichokosekana ni zawadi mpya na mtu wa kuitafuta. Mwaka 1872 vyama vitatu vilikubaliana kuyaendesha kwa zamu, kila kimoja kikitoa pauni 10 za kununulia kikombe kipya. Kikombe hicho ndicho asili ya kile kinachogombewa hadi leo. Mwaka 2022, yalipochezwa kwa mara ya 150 huko St Andrews, watazamaji walifika 290,000. Shughuli iliyowahi kusimama kwa kukosa pauni 30 na mtu wa kuzikusanya ikaja kujaza mji mzima. Ni mambo mangapi hapa kwetu yamesimama, si kwa kukosa uwezo, bali kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake atayashughulikia?

Kanuni ya pili ni hesabu ya wakati. Tufanye mfano. Tuseme wachezaji ni 144, nao wanatoka watatu watatu. Hayo ni makundi 48. Nusu yao wacheze asubuhi na nusu mchana. Ili kuokoa muda, makundi 12 yaanzie shimo la kwanza na 12 shimo la kumi, kundi moja likifuata jingine kila baada ya dakika 10. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo mwanga wa mchana ni wa kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Mwezi Machi jua huchomoza kama saa 12 na dakika 35 asubuhi na kutua kama saa 12 na dakika 40 jioni. Kundi la kwanza likitoka saa 12 na dakika 45, kundi la mwisho la asubuhi litatoka saa 2 na dakika 35. Makundi ya mchana yakianza saa 5 na dakika 45, la mwisho litatoka saa 7 na dakika 35. Mzunguko mmoja wa mashimo 18 huchukua muda wa karibu saa tano. Basi hao wa mwisho watamaliza saa 12 na dakika 35 jioni, zikiwa zimebaki dakika tano tu kabla jua halijazama.

Dakika tano, ndugu zangu! Ikinyesha mvua ya radi kwa saa moja, wachezaji huondolewa uwanjani, nao ambao hawakumaliza hurudi alfajiri ya siku ya pili kukamilisha mzunguko. Kwa hiyo msimamizi hangoji mvua inyeshe ndipo aulize la kufanya. Yuko mtu wa kutazama hali ya hewa, iko ishara ya kusimamisha mchezo, na iko ratiba ya akiba. Baada ya mizunguko miwili hufanywa mchujo, wakabaki kama 65 bora pamoja na waliolingana nao. Mchujo huo ni hukumu kwa wachezaji, lakini vilevile ni hesabu ya mwanga wa jua. Mwalimu anayepanga chumba cha mtihani, na ofisa anayepanga siku ya kulipa wakulima, wote wangefaa kuifanya hesabu kama hii kwa kalamu kabla ya siku yenyewe kufika.

Kanuni ya tatu ni kwamba kazi kubwa hufanywa na watu ambao majina yao hayaandikwi magazetini. Mchezaji hutumia dakika chache tu kwenye lile eneo la nyasi fupi lenye shimo. Mtunza kiwanja amehangaika nalo kwa miezi, akizikata nyasi hadi zibaki kama milimita 3, akipima maji, akiwinda wadudu. Wako waamuzi, waandishi wa hesabu za mapigo, madaktari, polisi wa barabarani, wapishi, wafagiaji, na wafanyakazi wa kujitolea wanaosimama juani kutwa nzima wakiwanyamazisha watazamaji. Yuko pia mbeba mfuko, ambaye hutembea kila hatua pamoja na mchezaji, akipima umbali na kushauri fimbo ya kutumia. Nairobi ipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na mpira huruka mbali kuliko pwani. Mgeni asiyekuwa na mshauri mwenyeji hupotea. Penye wengi hapaharibiki neno, ilimradi kila mmoja ajue zamu yake na nani wa kumwuliza.

Sasa nalirudia lile swali. Je, ni halali nchi yenye upungufu wa madawati na dawa kutia mkono katika mchezo wa wenye nacho?

Tusifiche historia. Viwanja vingi vya gofu vya Afrika Mashariki vilijengwa wakati wa ukoloni kwa starehe ya walowezi na maofisa wa serikali za kikoloni. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa nyuma: kukata nyasi, kupika, au kubeba mfuko wa bwana. Hata leo ada za uanachama huwafungia wengi nje. Tazameni pia matokeo: tangu mwaka 1967 hadi 2025 hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa Kenya Open. Aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello mwaka 1998, akapokonywa tonge mdomoni katika mashimo ya nyongeza. Katika mashindano ya daraja hilo la Ulaya, mshindi huchukua asilimia 17 ya fungu la zawadi. Kwa dola milioni 2.5, hizo ni dola 425,000. Naye asiyevuka mchujo hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwenyeji anayeandaa karamu kila mwaka asionje nyama ana haki ya kuuliza.

Hata hivyo, jibu langu si kuifunga karamu. Mwaka 1978 mshindi wa Kenya Open alikuwa Severiano Ballesteros wa Uhispania. Kijana huyo hakuzaliwa katika utajiri. Alikulia katika kijiji cha Pedreña, akawa mbeba mifuko kwenye kiwanja cha karibu, akajifundisha kwa fimbo moja kuukuu kwenye mchanga wa pwani. Mwaka mmoja baada ya kushinda Nairobi alishinda The Open, na kwa jumla akaitwaa taji hiyo mara tatu. Akili ya mchezo, kama akili ya darasani, haiulizi mkoba wa baba una nini. Tofauti huletwa na mlango: je, umefungwa au uko wazi?

Kwa hiyo nasema hivi. Senti ya umma ikiingia katika mashindano, iingie kwa masharti yaliyoandikwa. Kwanza, hesabu zitangazwe baada ya shughuli, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Pili, vijana wa shule zilizo jirani na kiwanja wapewe siku za kujifunza humo, si kwa hisani ya mwenyekiti wa chama cha mchezo bali kwa mkataba. Tatu, wabeba mifuko na watunza nyasi wapate ujira unaostahili na nafasi ya kucheza wenyewe. Nne, maji ya kiwanja yasichukuliwe kwenye bomba la wananchi wakati wa kiangazi.

Ndugu walimu na watumishi, haya hayatuhusu kwa mbali. Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Shughuli za namna hiyo haziendeshwi na mawaziri peke yao. Huendeshwa na karani anayehakiki orodha, mwalimu anayewapanga vijana mistari, na ofisa afya anayekagua vyakula. Ninyi ndio wa kuwahi ile dakika tano kabla ya jua kuzama.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji apige makofi. Shughuli yoyote tutakayopewa kuisimamia, iwe ya gofu, ya mpira au ya mitihani, na tujiulize siku ya pili yake, mahema yakiwa yamekwisha kung'olewa: nani amepona? Tukiweza kumtaja kwa jina mtoto, mfanyakazi au kijiji, tumefanya kazi. Tusipoweza, tumefanya sherehe tu.