Uchumi wa Nairobi si mfuko wa Kayole

UZI. Hii ni hotuba fupi niliyotoa Jumamosi hapa Kayole. Wengi mliomba niiweke huku, basi nimeikata vipande. Sitaji mwanasiasa wala chama.

1/ Kila msimu wa siasa tunasikia mambo mawili. Mmoja anapanda jukwaani anasema, "Mapato ya watu wa kaunti hii yamepanda." Mwenzake anasema, "Watu wamezidi kuwa maskini." Wote wanaweza kuwa na ripoti mkononi. Leo tuangalie hizo namba hutoka wapi.

2/ Chukua ploti moja pale Masimba, kaya tano. Huu ni mfano tu. Kwa mwezi zinaingiza 12,000, 16,000, 20,000, 27,000 na 45,000. Wastani ni 24,000. Sasa yule wa 45,000 anapata tenda, anaanza kuingiza 425,000. Wastani unaruka hadi 100,000! Kuna jirani ameongezewa hata shilingi? Hakuna. Lakini ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, ile ya katikati ni 20,000, jana na leo. Hiyo ndiyo mediani. Ndiyo inakuambia kaya ya kawaida iko wapi.

3/ Namba inayopendwa sana jukwaani ni pato la kaunti. Shirika la takwimu, KNBS, lilitoa ripoti ya kwanza ya aina hiyo 2019. Nairobi peke yake hubeba zaidi ya robo ya uchumi wa Kenya. Sawa. Lakini ndani yake kuna faida za mabenki na makampuni yenye ofisi kuu hapa mjini. Ukiigawa kwa idadi ya watu, bado hujajua mama mboga wa Soweto anarudi nyumbani na ngapi.

4/ Si basi watu waulizwe wanapata ngapi? Jaribu uone. Mtu wa boda Jumatatu ana 1,500, Jumanne mvua inanyesha, hana kitu. Wa mjengo anategemea kama ameitwa. Mwingine akisikia "mapato" anafikiria ushuru, ananyamaza. Ndiyo maana KNBS ikipima umaskini huangalia matumizi: chakula, kodi ya nyumba, karo, hata mahindi yaliyotumwa kutoka ushago. Kwa hivyo mtu akisema "mapato" huku ripoti yake ni ya matumizi, mshike hapo.

5/ Utafiti mkubwa wa 2015/16 ulichagua kaya kama 24,000 nchi nzima. Gawa kwa kaunti 47, ni kama 500 kila moja. Sensa ya 2019 ilikuta kaya karibu milioni 1.5 Nairobi pekee. Sampuli hiyo inaweza kukadiria kaunti, lakini kuna nafasi ya kukosea juu au chini. Namba ikisogea kidogo, huenda hakuna kilichobadilika mtaani. Na kumbuka Kayole na Karen ziko kaunti moja.

6/ Kuna njia ya kusaidia sampuli ndogo. Marekani hukadiria mediani ya kila kaunti kila mwaka kwa kuunganisha utafiti na rekodi za kodi. Sisi kazi zetu nyingi ni za jua kali, haziko kwenye rekodi hizo. Lakini Kenya iliwahi kuunganisha utafiti wa 1997 na sensa ya 1999 ikachora ramani ya umaskini hadi maeneo madogo. Kwa hivyo si jambo la ndoto.

7/ Halafu kuna muda. Serikali za kaunti zilianza 2013. Tuseme kaya iliingiza 20,000 wakati huo, leo ni 26,000, na bei zimepanda asilimia 40. Ile 26,000 inanunua vitu vya 18,500 hivi vya zamani. Kwenye karatasi umepanda. Kwa duka umeshuka.

8/ Mbona nawasumbua na hesabu? Kwa sababu namba ni pesa. Fomula ya kugawia kaunti pesa iliyopitishwa na Seneti 2020 iliupa umaskini uzito wa asilimia 14. Na hata pesa zikifika City Hall, mtaa ukifichwa ndani ya wastani wa jiji, itakuwa rahisi kuambiwa "nyinyi wa Nairobi mko sawa" mkiomba basari, maji au kliniki.

9/ Kwa hivyo akija na namba, muulize maswali manne. Ni wastani au ni mediani? Ni mapato, matumizi, au pato la kaunti? Umelinganisha mwaka gani na gani, na bei umeziondoa? Kaya ngapi ziliulizwa? Muulize hivyo hivyo hata kama ni yule wako. Hasa kama ni yule wako.

Ukiwa na swali, weka hapo chini. Matusi peleka kwingine.